Habari ya Elimu ya Kazi za Mikono

Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1981 Serikali iliunda tume ya Profesa Colin Mackay wa Kanada, ichunguze haja ya chuo kikuu cha pili. Vijana waliosoma walikuwa wengi, na kazi za ofisini chache. Chuo Kikuu cha Moi kikazaliwa mwaka 1984, kikaanza na wanafunzi wa misitu. Mwaka 1985 ukafuata mpango wa 8-4-4, pamoja na useremala, ushonaji na kilimo. Nia ilikuwa njema. Lakini karakana zilijengwa kwa michango ya wazazi, na penye umaskini mtoto aliijua randa kwa kuchorewa ubaoni tu. Mtaala wa umilisi, ulioenea nchini mwaka 2019, umezirudisha kazi hizo. Gharama ya vifaa ingali juu ya mzazi yuleyule.