Jam Iko Roysambu, Mwenye Makosa Yuko Pangani

Wasee, kuna watu wakisikia neno dashibodi wanafikiria urembo tu. Ati kazi ya kweli ni ile injini iko chini, halafu rangi na vijisanduku waachiwe wale hawawezi kuprogramu. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hii stori sikufundishwa na mhadhiri. Nimeiokota usiku, kwa bando za bei rahisi, nikisoma programu huria ambazo mtu yeyote anaweza kufungua aone zilivyotengenezwa. Na kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyoona hao watu wanatudanganya. Shahidi wangu anaitwa Apache Flink.

Flink inachakata data ikiwa bado inatiririka. Mtu akilipa, akibonyeza, sensa ikipima joto, tukio linahesabiwa papo hapo bila kungoja faili ijae. Ilitoka Berlin, kwa mradi wa utafiti wa vyuo ulioitwa Stratosphere. Mwaka 2014 mradi ukaingia Apache na ukabadilisha jina. Flink kwa Kijerumani ni mwepesi, mchangamfu, ndiyo maana nembo yake ni kindi.

Sasa sikiza vile inafanya kazi, maana bila hii huwezi kuelewa ubishi wangu. Kazi inagawanywa kwa hatua: moja inasoma, moja inachuja, moja inajumlisha, moja inaandika matokeo. Kati ya hatua kuna bafa, kama sehemu ya kungojea, na ina kikomo. Hatua ya mwisho ikilemewa, bafa zinajaa. Aliye nyuma yake anasimama. Aliye nyuma ya huyo pia anasimama, hivyo hivyo mpaka chanzo. Ni Thika Road asubuhi. Mathree imekwama Roysambu, abiria wanamtukana dere, na dere maskini hajafanya kitu. Kitu kimeziba huko mbele Pangani. Mtu anayelinda Flink saa tisa usiku swali lake ni moja: Pangani yangu iko wapi?

Toleo la 1.0 lilitoka Machi 2016 na lilijaribu kujibu. Ulibonyeza hatua moja kwa mchoro, ukafungua ukurasa wake, ukangoja. Programu ilichungulia mara 100, ikipumzika milisekunde 50 kila mara, ikihesabu ni mara ngapi imeikuta hatua hiyo imekwama ikingoja bafa. Asilimia 10 kushuka chini, sawa. Mpaka 50, jam kidogo. Kupita hapo, jam kubwa. Haikuwa mbaya, lakini piga hesabu. Kila kuchungulia ni kama sekunde 5. Kama kazi yako ina hatua 30, unabonyeza mara 30, na ukimaliza ya mwisho ile ya kwanza ishabadilika. Halafu ilikuonyesha tu nani amekwama. Nani amemkwamisha, ujijazie.

Januari 2019 Alibaba ya Uchina ilinunua data Artisans, kampuni ya hao waanzilishi wa Flink. Alibaba tayari ilikuwa na toleo lake la ndani, Blink, na mengi ya huko yakarudishwa kwa umma. Hawa walikuwa wanajua nguvu ya skrini: miaka hiyo, kila tarehe 11 Novemba walikuwa wanaweka ubao mkubwa ulioonyesha mauzo yakipanda sekunde kwa sekunde, na nyuma yake ilikuwa Flink. Agosti mwaka huo toleo la 1.9 likaja na dashibodi iliyoandikwa upya kwa Angular mpya. Ilikuwa safi. Lakini kwangu hiyo ilikuwa kubadilisha shati tu, kwa sababu Pangani bado ulikuwa unaitafuta kwa kubonyeza bonyeza.

Kitu yenyewe ilikuja 2021, toleo la 1.13. Waliacha kuchungulia. Kila hatua ikaanza kujihesabia saa zake: kwa kila sekunde, milisekunde ngapi nimefanya kazi, ngapi nimezuiliwa na wa mbele, ngapi nimekaa bure. Zikijumlishwa zinafika karibu 1,000. Halafu wakapaka rangi mchoro mzima. Aliye bure ni bluu, aliyezuiliwa anaelekea weusi, aliyelemewa anaelekea wekundu. Unaangalia mara moja tu: weusi, weusi, weusi, kisha nyekundu. Hiyo nyekundu ndiyo Pangani. Na angalia, haingewezekana kupaka hizo rangi bila kubadilisha vile injini inapima. Urembo gani huo?

Kuna uamuzi mwingine mdogo hapo ambao naupenda zaidi. Kila hatua huwa na nakala nyingi zinazofanya kazi pamoja. Tuseme ziko 50, na moja imeangukiwa na data yote ya duka moja kubwa, iko asilimia 100, zingine 49 ziko asilimia 10. Wastani ni kama 12. Ukionyesha wastani, dashibodi inasema mambo ni shwari na kila mtu analala. Flink inaonyesha ile ya juu kabisa. Mtu alikaa chini akaamua kwamba yule mmoja anayeumia lazima aonekane.

Wakenya hatufai kushangaa. Januari 2008, Ushahidi ilianza hapa kwa kuchukua ripoti za vurugu za baada ya uchaguzi, zingine kwa SMS, na kuziweka kwa ramani. Ripoti moja kwa orodha ndefu ingepotea. Kwa ramani, ikawa nukta kwa mtaa unaoujua.

Toleo hilo hilo la 1.13 lilileta pia grafu za miali, wazo la Brendan Gregg la 2011. Ukishapata hatua nyekundu, grafu inakuonyesha ndani yake ni sehemu gani ya programu inakula muda: kadiri mwali ulivyo mpana, ndivyo inavyokula zaidi. Zinakuja zikiwa zimezimwa, kwa sababu kuzichora kunailemea kazi yenyewe. Kwa mashine yako ya majaribio washa tu. Kwa ile inayohudumia wateja, washa ukiwa na shida ya kutafuta, halafu zima.