Kahawa ya Mapadre, Jasho la Nani?

Wasee wa Mugutha, ile kahawa mnaona iking'olewa huku Ruiru ndio ploti zipimwe, ina historia ya kanisa. Na si ya maombi.

Watawa kumiliki mashamba makubwa ni mambo ya kitambo. Huko Uingereza, 1137, Malkia Matilda aliwapa Watemplari shamba la Cressing, Essex. Hawa walikuwa watawa wa kubeba upanga: wanasali, wanapigana vita vya msalaba, na jasho la wakulima ndilo linalipia farasi. Maghala yao mawili ya karne ya 13 bado yamesimama. Papa alivunja kundi lao 1312, shamba likaendea watawa wengine wa upanga, Wahospitali. Waliolilima hawakuulizwa. Huo mchezo tunaujua.

Kwetu walikuja mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, bila upanga. Walifika Bagamoyo 1868, na watoto waliokombolewa utumwani ndio waliolima mashamba ya misheni. Uhuru gani huo unaanza na jembe? Mwaka wa 1899 wakafungua St. Austin's, pale Lavington ya leo, wakapanda kahawa. Mbegu asili yake ilikuwa kisiwa cha Réunion. Masetla wakaichukua, na hadi leo aina hiyo inaitwa French Mission. Jina linamtaja Mfaransa. Aliyechimba mashimo hatajwi popote.

Upanga nao ulikuja kivyake. 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia mashamba wanajeshi Wazungu waliotoka vitani. Waafrika waliowabebea mizigo kwenye vita hiyo hiyo walibaki na jina tu, Kariokor. Mwaka uliofuata kipande kikaanza kuning'inia shingoni.

Na hapa ndipo mimi hukasirika. Mtu wa Kiambu alichuma kahawa ya mzungu debe kwa debe, lakini kupanda yake mwenyewe alizuiwa hadi miaka ya 1950. Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa mapema kidogo, miaka ya 1930, tena kwa kupimiwa. Najua mapadre walileta shule pia, sikatai. Shule haifuti hesabu ya shamba.

Siku hizi Kahawa West, Wendani na Sukari ni majina ya stage. Tatu City imesimama juu ya mashamba ya kahawa. Kwa hivyo broka akikuonyesha 50 kwa 100, kabla ya bei muulize: anayeuza alipata hili shamba kwa nani, na waliokuwa hapa mbele yake walienda wapi?