MWANARIADHA MLEMAVU NA LANGO LA KAMBI

Historia ya riadha katika nchi jirani ni, kwa sehemu kubwa, historia ya askari. Kipchoge Keino, aliyeiletea Kenya medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968 na tena mwaka 1972, alikuwa polisi. John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 na kuipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza, naye alikuwa polisi. Miaka 40 baadaye Stephen Kiprotich, askari magereza wa Uganda, alishinda marathoni mjini London.

Jambo hili si la bahati. Katika nchi maskini, kambi humpa mwanariadha kile ambacho klabu haina uwezo wa kumpa: mshahara wa kila mwezi, chakula, muda wa mazoezi, cheo, na kazi ya kurudia miguu inapochoka.

Lakini lango la kambi huanza kwa daktari. Kijana asiyeona, au mwenye mkono mmoja, hapiti hapo hata akiwa na mbio za kuushangaza ulimwengu. Njia ile ile iliyomlea Keino humfungia mlemavu tangu mwanzo.

Tofiri Kibuuka wa Uganda, ambaye haoni, alipanda Mlima Kilimanjaro mwaka 1969 pamoja na vijana wenzake wasioona. Mwaka 1976, nchini Sweden, akawa Mwafrika wa kwanza kushiriki Michezo ya Paralimpiki ya majira ya baridi. Lakini maisha yake aliyajenga Norway, na kuanzia mwaka 1984 medali alizozipata katika mbio zilihesabiwa kuwa za Norway. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Uganda ilipanda, Norway ikavuna.

Ajabu ni kwamba michezo hiyo ilizaliwa na askari. Tarehe 29 Julai 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha kwa upinde na mshale askari 16 waliojeruhiwa, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1960 wachezaji 400 wa nchi 23 walikutana mjini Roma.

Rwanda imeizingatia asili hiyo. Dominique Bizimana na Jean Rukundo walipigana katika majeshi yaliyokuwa maadui, na kila mmoja alipoteza mguu. Baada ya vita walikaa upande mmoja wa wavu, wakacheza mpira wa wavu wa kukaa. Mwaka 2012 timu ya Rwanda ilicheza Paralimpiki ya London, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Bizimana alipata kuwa rais wa Kamati ya Paralimpiki ya nchi yake: mchezaji akawa kiongozi.

Ndugu wasikilizaji, si kila kazi ya jeshi au polisi ni ya kubeba bunduki. Wako makarani, mafundi wa redio, watunza stoo na walimu wa michezo. Nafasi hizo zikifunguliwa, bingwa mlemavu atapata mshahara leo na kazi kesho. Wala hiyo si sadaka. Risasi haichagui, na askari mzima wa asubuhi aweza kuwa mlemavu wa jioni. Anayelifungua lango hili huenda analifungulia nafsi yake.