Sekunde za Kusubiri: Historia ya Uingiaji wa Polepole Kwenye Seva

Seva inayotegemea uthibitishaji wa pamoja haitunzi yenyewe majina na nywila za watumiaji wake. Kila mtu anapoingia, seva hiyo huuliza kwingine: huyu ni nani, nywila yake ni sahihi, yumo kwenye vikundi gani, mafaili yake yako wapi. Majibu yakirudi haraka, mtumiaji hajui kama kuna lililoulizwa. Swali moja likikosa jibu, skrini hunyamaza kwa sekunde 5, 10 au 25, wakati mwingine dakika 2, kisha anaruhusiwa kuingia kana kwamba hapakuwa na tatizo. Urefu wa kimya hicho una asili yake. Kila namba kati ya hizo iliandikwa ndani ya programu fulani, katika kipindi fulani, kwa sababu iliyoeleweka wakati huo, na msimamizi wa mifumo anayejua zilikotoka huwa na mshukiwa kabla hajafungua faili hata moja.

Mwanzoni hapakuwa na wa kuulizwa. Mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT nchini Marekani, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 chini ya uongozi wa Fernando Corbató, ulikuwa miongoni mwa mifumo ya awali kumpa kila mtumiaji nywila yake, na nywila zote zilikaa ndani ya mashine hiyo hiyo. Unix, iliyoanza Bell Labs mwaka 1969, ilifuata njia hiyo kwa faili la /etc/passwd, mstari mmoja kwa kila mtumiaji. Kuingia kulikuwa ni kusoma diski na kupiga hesabu kidogo. Hesabu hiyo yenyewe ilicheleweshwa kwa makusudi. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza kwamba mbinu yao ya kwanza ya kuficha nywila ilikuwa na kasi mno, na kasi hiyo ilimfaa mwizi anayejaribu maelfu ya maneno kuliko mwenye akaunti anayeandika neno moja. Mbinu mpya, iliyojengwa juu ya kanuni ya usimbaji ya DES, ilirudia hesabu mara 25. Huo ni uchelewaji wa kazi: processa inahangaika, na ukinunua processa bora muda unapungua. Uliokuja baadaye ni wa aina nyingine kabisa, kwa sababu processa haina inachofanya. Inasubiri.

Faili moja kwenye kila mashine lilitosha pale taasisi ilipokuwa na mashine moja au mbili. Sun Microsystems, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1982, iliuza kompyuta za mezani zenye Unix, na ofisi zikajikuta na makumi ya mashine, kila moja na orodha yake ya watumiaji. Aliyebadili nywila kwenye moja alipaswa kuibadili kwenye zote. Katikati ya miaka ya 1980 Sun ikatoa huduma ya Yellow Pages, ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa NIS kwa kuwa British Telecom ilimiliki jina la awali nchini Uingereza. Amri zake zinaanza na herufi yp hadi leo. Seva kuu ilitunza orodha, seva saidizi zikapewa nakala, na kila mashine ikawa na programu ya ypbind, ambayo ilipiga mbiu kwenye mtandao wa karibu ili seva yoyote inayohudumia eneo hilo iitike.

Mbiu hiyo haikuvuka ruta. Seva ikizimika, ypbind iliita tena na tena bila kikomo, huku konsoli ikiandika kwamba seva ya NIS haijibu na kwamba jitihada zinaendelea. Madhara hayakuishia kwa anayeingia. Amri ya ls -l, ambayo kazi yake ni kuorodhesha mafaili tu, nayo iliganda, kwa sababu diski hutunza namba ya mwenye faili, si jina lake, na kuigeuza namba kuwa jina kulihitaji NIS. Msimamizi aliyekuwa ameshaingia tangu asubuhi aliona mashine nzima ikisimama ilhali haina mzigo wowote. Kutokana na hali hiyo wasimamizi walijenga tabia ambayo bado ni ya maana kuliko amri yoyote watakayoikariri: mashine ikiganda bila mzigo, swali la kwanza ni nani anayesubiriwa.

Wakati huo huo MIT ilikuwa na tatizo gumu zaidi. Mradi wa Athena, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa kampuni za DEC na IBM, ulisambaza kompyuta chuoni kote ili mwanafunzi akae popote na akute mafaili yake. Mashine hizo zilikuwa mikononi mwa yeyote, hivyo mtandao wenyewe haukuweza kuaminiwa. Steve Miller na Clifford Neuman walibuni Kerberos, ambamo nywila haisafiri kabisa. Mtumiaji hupewa tiketi yenye muda maalumu, na huduma nyingine huitambua tiketi hiyo. Toleo la 4 lilienea nje ya chuo mwishoni mwa miaka ya 1980, na la 5 likachapishwa kama kiwango mwaka 1993. Kerberos ilileta masharti mawili ambayo yamewasumbua wasimamizi tangu hapo. La kwanza ni saa: kwa kawaida, saa za mashine mbili zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, tiketi hukataliwa. Programu huweza kuhamia njia nyingine ya kumtambua mtumiaji, naye akaona tu kwamba leo ameulizwa nywila, tena kwa kuchelewa. La pili ni jina. Tiketi hutolewa kwa jina la seva, si kwa anwani yake ya namba, kwa hiyo mfumo wa majina ukiyumba, uthibitishaji nao unayumba.

Mfumo huo wa majina, DNS, ulielezwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na ndiko zilikotoka sekunde 5 zinazojulikana kuliko zote. Maktaba ya kutafuta majina kwenye Linux husubiri seva ya majina sekunde 5 kabla ya kukata tamaa, kisha hujaribu tena. Majaribio ni 2. Seva ya kwanza kwenye orodha ikiwa imekufa na ya pili iko hai, kila swali huchelewa sekunde 5. Ikiwa iko moja tu, nayo haijibu, ni sekunde 10. Swali lenyewe mara nyingi halikuwa la lazima. Katika zama za rlogin, programu ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983, mashine iliweza kumruhusu mtu kwa kuamini jina la kompyuta anayotoka, kwa hiyo ilibidi anwani yake igeuzwe kuwa jina. Tatu Ylönen alipotunga SSH nchini Finland mwaka 1995 ili kuziba matundu ya rlogin, desturi hiyo ya kuuliza jina la mgeni ilibaki. Kwa miaka mingi sshd, programu ya SSH inayopokea wageni kwenye seva, iliendelea kuuliza hata pale ambapo hakuna aliyelitumia jibu, na ofisi zilizotumia anwani za ndani zisizosajiliwa kwenye DNS zililipa sekunde zao kila asubuhi. OpenSSH iliacha kufanya hivyo kwa chaguo-msingi kuanzia toleo la 6.8, mwaka 2015.

NIS haikuficha data zake na haikupanuka vizuri, hivyo miaka ya 1990 macho yakageukia saraka, yaani hifadhi za pamoja za taarifa za watumiaji. LDAP ilizaliwa kama njia nyepesi ya kuifikia saraka nzito ya X.500. Waraka wake wa kwanza, wa mwaka 1993, uliandikwa na Wengyik Yeong, Tim Howes na Steve Kille, na kazi kubwa ya kuijenga LDAP ilifanyika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1998 Luke Howard alichapisha RFC 2307, iliyoeleza namna ya kuweka ndani ya LDAP yale yaliyokuwa kwenye NIS, na moduli ya nss_ldap ikaiwezesha mashine ya Unix kuuliza saraka kana kwamba inasoma faili lake lenyewe.

Moduli hiyo ilikuwa na ukaidi uliowapa wasimamizi usiku mrefu. Kwa mpangilio wake wa kawaida haikukubali kwamba seva haipo: ililala sekunde 4 ikajaribu tena, ikalala 8, 16, 32, kisha 64, na kila mara iliandika kwenye logi idadi ya sekunde inazolala. Jumla ni zaidi ya dakika 2 kwa swali moja. Hatari kubwa ilikuwa wakati wa kuwasha. Udev, programu inayotambua vifaa vya mashine, husoma kanuni zenye majina ya watumiaji na vikundi, na hufanya hivyo mtandao ukiwa bado haujawashwa. Jina moja lisilokuwepo kwenye mafaili ya ndani lilitosha kuipeleka mashine kwenye saraka isiyofikika, na seva nzima ikakaa dakika nyingi ikionekana imekufa. Tiba ilikuwa mstari mmoja, bind_policy soft, uliokubali kushindwa mapema. Uamuzi wa kung'ang'ania ulikuwa na mantiki yake, kwani kumwambia mtu kwamba akaunti yake haipo wakati ipo ni kosa baya, lakini ulisahau kwamba anayeuliza anaweza kuwa ndiye anayepaswa kuuwasha mtandao.

Kosa jingine la kipindi hicho lilikuwa la vikundi. Kila anapoingia mtu, mfumo lazima ujue vikundi vyake vyote. NIS ilikuwa na orodha maalumu kwa kazi hiyo, netid.byname, ambayo kwa kila mtumiaji ilitaja vikundi vyake kwenye mstari mmoja. Kwenye LDAP habari hiyo iligeuzwa: kila kikundi kinataja wanachama wake, na seva hutafuta vikundi vyote vyenye jina la mtu huyo. Pasipo faharasa ya sifa ya memberUid, saraka hulazimika kupitia vikundi kimoja kimoja. OpenLDAP iliandika kwenye logi yake kwamba memberUid haina faharasa, lakini wengi hawakuisoma logi hiyo kwa sababu nywila ilithibitishwa mara moja na hakuna hitilafu iliyoripotiwa. Uchelewaji wa namna hii hauna namba kamili. Hukua pole pole kadiri taasisi inavyoajiri.

Umbali nao ulihesabika. Hadi mwaka 2009, kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika, pwani ya Kenya na Tanzania haikuwa na kebo ya nyuzi ya baharini, na mawasiliano na ng'ambo yalipita kwenye setelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kwa swali moja kulichukua zaidi ya nusu sekunde, hata laini ingekuwa tupu. Kufungua muunganisho wa LDAP uliofichwa kulihitaji safari kadhaa: moja ya TCP, mbili za TLS kwa matoleo ya wakati huo, moja ya kujitambulisha, ndipo swali lenyewe. Hizo ni takriban sekunde 3 kabla ya jina moja kujulikana, na kwa kuwa nss_ldap iliishi ndani ya kila programu, kila programu ilifungua muunganisho wake. Ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa iliyotegemea saraka iliyoko Ulaya isingeponywa kwa kununua laini pana zaidi. Iliyohitaji ni nakala ya saraka karibu yake.

Microsoft ililifikiria jambo hilo mapema. Active Directory, iliyotoka na Windows 2000, iliunganisha LDAP, Kerberos na DNS, na ikaigawa mitandao katika vituo ili kompyuta ielekezwe kwenye seva ya jirani. Hata hivyo mgawanyo huo hufanywa na mtu: anwani za tawi jipya zisipoandikishwa, kompyuta zake huweza kuhudumiwa na seva ya bara jingine bila onyo lolote.

Kwenye Linux jibu la kudumu lilikuwa kuweka akiba ya majibu. Nscd, iliyotoka kwenye Solaris, ilikuwepo zamani. SSSD, iliyoingia kwenye Red Hat Enterprise Linux 6 mwaka 2010, ilikwenda mbali zaidi: programu moja huuliza kwa niaba ya mashine nzima, hutunza majibu kwenye diski, na humruhusu mtu kuingia hata saraka ikiwa haipatikani, mradi mpangilio umeruhusu hivyo. Akiba hiyo ilibadilisha sura ya tatizo. Kwa kawaida jibu hudumu sekunde 5400, yaani saa moja na nusu. Mtumiaji wa kwanza asubuhi husubiri. Msimamizi akiitwa, huingia kwa akaunti ile ile na mlango unafunguka papo hapo. Asipoisafisha akiba kwa sss_cache kabla ya kupima, anachopima ni kumbukumbu, siyo saraka. Vikundi vikubwa navyo viliendelea kulemea, kwa kuwa kujua jina la kikundi kuliambatana na kupakua orodha ya wanachama wote, hadi ilipoongezwa njia ya kuipuuza orodha hiyo.

Vifaa vya uchunguzi vilikua sambamba na matatizo. Tcpdump, iliyotungwa maabara ya Lawrence Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1980, ilionyesha swali likitoka bila jibu kurudi: mlango wa 53 kwa DNS, 88 kwa Kerberos, 389 kwa LDAP. Strace, iliyoandikwa na Paul Kranenburg kwa SunOS mwanzoni mwa miaka ya 1990 kisha ikahamishiwa Linux, huonyesha kila ombi la programu kwa kiini cha mfumo, na kwa chaguo la -r huandika muda uliopita kati ya ombi moja na lililofuata. Katika mamia ya mistari yenye sehemu ndogo ndogo za sekunde, mmoja husimama na 5.00 pembeni yake, na mmojawapo wa mistari iliyo juu yake hutaja anwani iliyokuwa ikiulizwa. Kabla ya hapo, kipimo rahisi kuliko vyote ni kuingia kwa akaunti ya ndani ya mashine. Ikiingia haraka, mshukiwa wa kwanza ni saraka au vikundi. Ikichelewa vile vile, huenda saraka haihusiki.

Kipimo hicho kimekuwa na uzito zaidi tangu systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, ienee. PAM, utaratibu uliobuniwa Sun katikati ya miaka ya 1990, hutenganisha kumthibitisha mtu na kumfungulia kikao. Kwenye hatua ya kikao, moduli ya pam_systemd huiomba logind, huduma ya systemd inayosimamia vikao, isajili kikao kipya kupitia D-Bus, njia ya programu za mashine moja kuwasiliana, na ombi la D-Bus lisipojibiwa hukatishwa baada ya sekunde 25. Hali hii hujitokeza hasa D-Bus inapowashwa upya huku logind ikiendelea kushikilia muunganisho wa zamani. Nywila imekubaliwa, vikundi vimepatikana, na bado mtu anasubiri sekunde 25 kila anapoingia, iwe kwa akaunti ya saraka au ya ndani. Logi ya sshd huandika kwamba kikao kimeshindwa kuundwa kwa sababu muda umekwisha, na kuwasha upya logind huondoa uchelewaji huo pasipo kuigusa saraka.