Wasomaji Bila Mhakiki: Riwaya Pendwa ya India Tangu 1888

1. Utangulizi

Mwaka 1929, Ramchandra Shukla, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Wahindu cha Banaras, alitoa kitabu chake Hindi Sahitya ka Itihas, yaani Historia ya Fasihi ya Kihindi. Kitabu hicho kilikuwa nguzo ya mafunzo ya fasihi hiyo, na vizazi vingi vya wanafunzi vimepita mikononi mwake. Alipofika kwa mwandishi Devaki Nandan Khatri (1861-1913), Shukla alitoa hukumu yenye pande mbili. Upande wa kwanza ulisema kwamba riwaya za Khatri ni msururu wa matukio tu, hazichori hisia wala tabia za watu, na kwa hiyo haziingii katika safu ya fasihi. Upande wa pili ulikiri kwamba hakuna mwandishi mwingine aliyekipatia Kihindi wasomaji wengi kama yeye, na kwamba watu wasiohesabika walijifunza Kihindi kwa ajili ya kumsoma tu.

Hukumu hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Shukla alikuwa mkweli: hakuficha jambo ambalo halikupendeza kipimo chake. Lakini waliomfuata walishika zaidi upande wa kwanza na kuuacha wa pili. Makala haya yanafuata njia ya riwaya pendwa ya India, hasa ile ya Kihindi na Kiurdu, kutoka Khatri hadi karne hii, ili kuonyesha hoja moja: kosa la mhakiki si kuihukumu riwaya pendwa, bali ni kuikalia kimya. Kimya hicho hakikuwapotezea wasomaji furaha yao. Kiliwapotezea wanahistoria ushahidi.

2. Ayari na talasimu

Khatri alizaliwa katika nchi ya Bihar, akafanya biashara, kisha akapata kandarasi ya misitu ya Chakia na Naugarh, si mbali na mji wa Banaras. Misitu hiyo ilikuwa na magofu ya ngome za kale. Kandarasi ilipomtoka, alishika kalamu, na magofu aliyoyaona yakawa uwanja wa hadithi zake. Mwaka 1888 ilianza kutoka Chandrakanta, inayosimulia mapenzi ya mwanamfalme Virendra Singh wa Naugarh na binti mfalme Chandrakanta wa Vijaygarh, na hila za Krur Singh, mwana wa waziri, aliyemtaka binti huyo. Baadaye ilifuata Chandrakanta Santati, yenye sehemu 24. Mwaka 1898 Khatri alianzisha kiwanda chake mwenyewe cha kupiga chapa, Lahari Press, huko Banaras.

Mwanafunzi wa Kiswahili hataona ugeni mkubwa katika msamiati wa riwaya hizo. Nguzo zake mbili ni aiyar na tilism, nasi tunazo katika Kiswahili: ayari na talasimu. Lugha zote mbili zilichota katika Kiarabu, lakini kila moja ilikunja maana kwa njia yake. Kwa Mswahili, ayari ni laghai. Kwa Khatri, ni mtumishi mwaminifu wa mfalme, bingwa wa kujibadili sura na kuzimisha fahamu za adui kwa dawa. Kwa Mswahili, talasimu ni maandishi au hirizi ya kinga. Kwa Khatri, ni jengo zima lenye milango ya siri na hazina, ambalo hufunguliwa na yule tu aliyeandikiwa kulifungua.

Khatri hakuyabuni hayo peke yake. Simulizi ndefu za Kiurdu ziitwazo dastan zilikwisha kusambaa kabla yake, na tangu 1883 kiwanda cha Nawal Kishore huko Lucknow kilikuwa kikichapa Tilism-e Hoshruba, majuzuu kwa majuzuu. Mchango wa Khatri ulikuwa wa namna tatu. Kwanza, aliandika kwa hati ya Nagari. Pili, alitumia lugha nyepesi ya watu, ambayo Shukla mwenyewe aliiona kuwa Kihindustani kuliko Kihindi cha vitabu. Tatu, aliutoa uchawi ndani ya hadithi: talasimu zake huendeshwa na mitambo, na maajabu yake hupata maelezo.

Uzito wa jambo hili huonekana mtu akikumbuka siasa ya lugha ya wakati huo. Mahakama za kaskazini ya Bara Hindi zilitumia Kiurdu kwa hati ya Kiajemi, na wapiganiaji wa Kihindi walidai hati ya Nagari nayo ikubaliwe. Serikali ya kikoloni ilikubali mwaka 1900. Katika miaka hiyo ya mabishano, wasomi waliandika maombi na hotuba; Khatri aliandika hadithi ambazo mtu hakuweza kuzifurahia bila kujifunza hati yenyewe. Historia ya Kihindi inayomtaja kwa aya moja tu inaficha njia mojawapo ambayo lugha hiyo ilipitia kuwafikia watu.

3. Stesheni, duka na hati mbili

Riwaya pendwa haiishi kwa kalamu tu. Inahitaji chapa, bei na mahali pa kuuziwa. Maneno ya Kiswahili chapa na laki yenyewe ni ya asili ya Kihindi, nayo yanaashiria mambo mawili yaliyoijenga biashara hii: kiwanda na hesabu kubwa. Kampuni ya A. H. Wheeler, iliyoanzishwa Allahabad mwaka 1877, ilieneza vibanda vya vitabu katika stesheni za reli. Mwaka 1900 Gopalram Gahmari alianzisha jarida liitwalo Jasoos, yaani Jasusi, na hadithi ya upelelezi ikapata makao yake katika Kihindi.

Watu waliozisoma hadithi hizi hawakuwa wajinga wa fasihi. Premchand, ambaye Godaan yake ya mwaka 1936 huhesabiwa kuwa kilele cha riwaya ya Kihindi, alieleza jinsi alivyoonja Tilism-e Hoshruba utotoni mwake huko Gorakhpur, na jinsi alivyokuwa akikaa katika duka la mwuza vitabu. Alichukua kutoka kwake vitabu vya msaada wa masomo, akawauzia wenzake shuleni, na kama malipo akaruhusiwa kwenda na riwaya nyumbani. Hivyo mwandishi mkuu wa uhalisia alilelewa na maajabu yale yale ambayo wahakiki waliyafukuza.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni Ibn-e Safi, jina la kalamu la Asrar Ahmad, aliyezaliwa 1928 katika wilaya ya Allahabad. Mwezi Machi 1952 mfululizo wake Jasoosi Duniya ulianza kutoka huko Allahabad. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa jina hilo: ni Dunia ya Kijasusi. Mwaka huo huo mwandishi alihamia Karachi, miaka mitano tu baada ya nchi kugawanyika, na mwaka 1955 akaanzisha mfululizo wa pili, wa mpelelezi Imran. Aliendelea kuandika hadi kifo chake mwaka 1980, akiacha vitabu zaidi ya 200, vilivyochapwa pande zote mbili za mpaka.

Vitabu hivyo vilitoka pia kwa Kihindi, na hapo kuna jambo la kuzingatiwa. Katika matoleo ya Kihindi, Kanali Faridi aliitwa Kanali Vinod, na Imran aliitwa Rajesh. Kisa ni kile kile, ila shujaa amevua jina la Kiislamu akavaa la Kihindu. Badiliko hilo dogo linafunua jinsi mchapishaji alivyomkadiria msomaji wake katika India baada ya 1947. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo juu ya lugha mbili ndugu zilizokuwa zikitenganishwa. Lakini mhakiki anayepima vitabu kwa heshima yake tu hatafungua hata kurasa zake.

4. Karatasi duni

Mwaka 1958 kampuni ya Hind Pocket Books ilianza kutoa vitabu vidogo vya Kihindi kwa bei ya rupia 1. Tangu hapo hadi miaka ya 1990, biashara ya riwaya za bei ndogo ilistawi, hasa Delhi, Allahabad na Meerut. Karatasi yake ilikuwa hafifu, ya rojo la takataka za karatasi liitwalo lugdi, na wasomi wakaipa fasihi yote hiyo jina la karatasi: lugdi sahitya. Vitabu viliuzwa stesheni, vikakodishwa madukani kwa siku, vikapita mikononi hadi kuraruka.

Katika uwanja huo Gulshan Nanda aliandika mapenzi, na riwaya zake zikafuatwa na sinema. Kati Patang ni mojawapo. Ved Prakash Sharma (1955-2017) wa Meerut alitoa Vardi Wala Gunda mwaka 1993. Matangazo yalidai kwamba nakala laki 15 ziliuzwa siku ya kwanza. Dai hilo halina hati ya kulithibitisha, lakini kurudiwa kwake kunaonyesha fahari ya fani iliyokuwa ikijipima yenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyeipima. Wachapishaji nao walijua nguvu ya jina. Jina Manoj, kwa mfano, lilikuwa mali ya kampuni, na waandishi mbalimbali wasiotajwa waliandika chini yake. Ibn-e Safi alipougua mwanzoni mwa miaka ya 1960, waigaji walijaza soko kwa majina yaliyofanana na lake. Hivyo swali la mwandishi ni nani, ambalo wananadharia wa Ulaya walilijadili kwa falsafa, huko Meerut na Karachi lilikuwa swali la jalada na mkataba.

Hata ndani ya kazi zenyewe kuna mambo ya kuhakikiwa. Surender Mohan Pathak, aliyezaliwa 1940 na kufanya kazi ya mshahara katika kampuni ya simu ya serikali huku akiandika, alianza mwaka 1971 mfululizo wa Vimal. Vimal ni Kalasinga aliyekata nywele zake na kuficha jina lake halisi, mtoro anayewindwa na sheria na kulazimishwa na wahalifu kurudi katika uhalifu. Riwaya ya Painsath Lakh ki Dakaiti (1977), yaani Wizi wa Laki 65, husomwa kwa hamu kwa ajili ya kuvunjwa kwa sefu ya benki. Lakini mhakiki makini ataona pia suala la mtu aliyeupoteza utambulisho wake na hawezi tena kuurudisha. Kitabu hicho kilisubiri hadi 2009 kupata tafsiri ya Kiingereza. Hapo ndipo magazeti ya Kiingereza yalipoanza kumzungumzia mtu ambaye stesheni za reli zilikuwa zimemjua kwa zaidi ya miaka 30.

5. Kiingereza chazaa riwaya pendwa

Mwaka 2004 Chetan Bhagat alitoa Five Point Someone, juu ya wanafunzi wa taasisi ya uhandisi, kwa bei ya rupia 95. Wahindi walioandika kwa Kiingereza hadi hapo walisifika ng'ambo. Bhagat aliwaandikia vijana wa nyumbani, wengi wao wakiwa watu wa kwanza katika ukoo wao kusoma riwaya ya Kiingereza. Mwaka 2010 Amish Tripathi alijichapia The Immortals of Meluha, inayomfanya mungu Shiva kuwa mtu wa historia, baada ya wachapishaji kuikataa.

Wahakiki wengi walizipokea kazi hizo kwa lawama iliyofanana ajabu na ile ya 1929: lugha nyepesi, tabia zisizo na kina, matukio juu ya matukio. Huenda lawama hizo ni za haki. Lakini upande wa pili wa hukumu nao umerudi: vitabu hivi vimewapa wasomaji wapya lugha ambayo zamani ilikuwa ya wachache. Anayetaja upande mmoja tu anarudia kosa la wafuasi wa Shukla.

6. Hitimisho

Suala hili linawahusu wanaoshughulika na Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla (1960), pamoja na mpelelezi wake Bwana Msa, ilibahatika kupata wahakiki na kufundishwa. Maandishi mengi mengine ya lugha yetu hayakupata bahati hiyo. Hapa Kongo, historia ya mji wa Elisabethville iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 katika Kiswahili cha watu wa Shaba ilibidi ingoje hadi 1990 kutolewa kitabuni na Johannes Fabian, katika nchi za mbali. Si riwaya, lakini ilikutana na kikwazo kile kile alichokutana nacho Khatri: lugha yake haikuwa sanifu vya kutosha kuitwa maandishi.

Kutokana na njia hii ndefu ya India, mhakiki wa fasihi pendwa anaweza kujiwekea maswali machache. Kitabu kiliuzwa wapi, kwa bei gani, na kwa nani? Kimeandikwa kwa lugha ipi kati ya sura nyingi za lugha moja, na kwa hati ipi? Kilibadilishwa nini kilipovuka kutoka kundi moja la wasomaji hadi jingine? Jina lililo juu ya jalada ni la nani? Baada ya hayo, na wala si kabla, aulize kama kitabu ni kizuri, naye ajibu bila woga wala upendeleo, kwa maana kumsamehe mwandishi kila kosa kwa sababu tu anapendwa ni dharau ya namna nyingine.

Kazi hiyo ina haraka yake. Karatasi ya lugdi haidumu, wala karatasi za taipu na vijitabu vya masokoni mwetu havidumu. Riwaya ambayo haikuhakikiwa kwa kawaida haikununuliwa na maktaba. Ambayo haikuwekwa maktabani huliwa na mchwa. Na iliyoliwa na mchwa haiwezi tena kuulizwa swali lolote. Khatri aliponea kwa sababu hata adui wa fani yake aliona haya kuficha idadi ya wasomaji wake. Wengine hawatapata adui mkweli kiasi hicho.