Nnamdi Azikiwe: Gazeti, Benki na Siasa

Nnamdi Azikiwe, ambaye wafuasi wake walimwita Zik, alizaliwa tarehe 16 Novemba 1904 huko Zungeru, kaskazini mwa Nigeria, ingawa wazazi wake walikuwa Waigbo wa Onitsha. Mwaka wa 1925 alisafiri kwenda Marekani, akasoma na kufundisha huko, kisha mwaka wa 1934 akaenda Accra, katika Gold Coast (Ghana ya leo), kuhariri gazeti la African Morning Post. Makala ya I.T.A. Wallace-Johnson iliyochapwa humo mwaka wa 1936 ilimfikisha mahakamani kwa shtaka la uchochezi. Alihukumiwa kifungo, lakini mwaka uliofuata akashinda rufani.

Gazeti lile halikuwa mali yake, na mhariri wa kuajiriwa hana budi kumtazama tajiri wake usoni kabla ya kuandika. Aliporudi Lagos mwaka wa 1937 Azikiwe aliunda kampuni yake mwenyewe, na mwezi wa Novemba akatoa West African Pilot. Liliuzwa kwa peni moja. Halikuishia kwa mawakili na madaktari wa Lagos, ambao ndio waliokuwa wamezoea kusomewa na kuandikiwa. Makarani, walimu wa vijijini na wafanyakazi wa reli walijiona humo. Kweli, liliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mwaka uo huo Erica Fiah alianzisha Kwetu kwa Kiswahili mjini Dar es Salaam. Lakini katika nchi yenye mamia ya lugha, Azikiwe hakuwa na lugha nyingine ya kuwafikia wasomaji wa kila jimbo. Alifuatisha magazeti madogo huko Port Harcourt, Onitsha na Warri, na kwa njia hiyo chama cha NCNC, kilichoundwa mwaka wa 1944 chini ya Herbert Macaulay, kilipata sauti mikoani. Wakati wa mgomo mkuu wa 1945 serikali ya kikoloni ililifungia Pilot kwa muda.

Sasa, magazeti hula fedha, na mabenki ya Waingereza hayakuwa na moyo wa kuwakopesha Waafrika. Kwa sababu hiyo Azikiwe alijipatia benki, African Continental Bank. Alipokuwa Waziri Mkuu wa Jimbo la Mashariki, fedha za umma za jimbo ziliwekwa katika benki hiyo hiyo. Tume ya Jaji Foster-Sutton, iliyoundwa mwaka wa 1956, ilimlaumu waziwazi kwa kutojitenga na maslahi yake. Yeye alijibu kwamba alikuwa akivunja ukiritimba wa wageni. Majibu hayo yalikuwa na ukweli, lakini hayakugusa swali lililoulizwa: ukiritimba ungeweza kuvunjwa bila waziri kuwa mwenye benki. Hatimaye alikabidhi hisa zake kwa serikali ya jimbo, akaitisha uchaguzi mwezi wa Machi 1957, na wapiga kura wakamrudisha madarakani.

Alikuwa Gavana Mkuu mwaka wa 1960, Rais wa kwanza wa Jamhuri mwaka wa 1963, akaondolewa na mapinduzi ya Januari 1966. Wakati wa vita aliiunga mkono Biafra, kisha mwaka wa 1969 akaiacha, jambo ambalo Waigbo wengi hawakumsamehe upesi. Hata hivyo aligombea urais mwaka wa 1979, na tena mwaka wa 1983 akiwa na umri wa miaka 78, akashindwa mara zote mbili. Alifariki tarehe 11 Mei 1996.