Koni, Mtambo Ulioitwa Bia

Maji yanayoendesha mtambo wa umeme wa Koni hufika pale yakiwa yamekwisha kufanya kazi. Kwanza hulala katika ziwa Tshangalele, ziwa lililotokea baada ya watu kuuziba mto Lufira. Kisha huporomoka Mwadingusha na kuzungusha mashine za hapo, ndipo huteremka bondeni hadi Koni, mashariki ya mji wa Likasi huko Katanga, kusini mwa Kongo, na kukamuliwa mara ya pili. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga haikupenda kupoteza hata tone. Mwadingusha ilianza kutoa umeme mwaka 1930. Koni ikafuata mwaka 1950, ikiwa na mashine tatu za megawati 14 kila moja.

Ila jina rasmi la mtambo huo mpya halikuwa Koni. Uliitwa Bia.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asicheke. Kinywaji hakimo katika habari hii. Lucien Bia alikuwa kapteni wa Kibelgiji aliyeongoza msafara uliofika Bunkeya, makao makuu ya mtawala Msiri, Januari 1892. Alifika wiki chache tu baada ya Msiri mwenyewe kuuawa. Bia hakurudi kwao. Aliugua njiani, akafa mwezi Agosti mwaka huohuo, na uongozi wa msafara ukamwangukia msaidizi wake, luteni kijana aitwaye Émile Francqui. Pamoja nao alikuwamo mwanajiolojia Jules Cornet, ambaye daftari zake ndizo zilizowaonyesha wakubwa wa Brussels kwamba milima ya Katanga imejaa shaba.

Ukiiweka mitambo minne mikubwa ya umeme ya Katanga kwa mpangilio wa miaka, utaona ilivyobatizwa. Mwadingusha, 1930, iliitwa Francqui. Koni, 1950, ikaitwa Bia. Nzilo, iliyojengwa kwenye mto Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikaitwa Delcommune. Nseke, iliyofuata katikati ya muongo huo, ikaitwa Le Marinel. Alexandre Delcommune na Paul Le Marinel nao walikuwa viongozi wa misafara, na wote wawili walifika kwa Msiri mwaka 1891. Kwa maneno mengine, kampuni iliyokuwa ikijenga mitambo ya kisasa kabisa katika Afrika ya Kati iligeuka nyuma ikachukua orodha ya wageni waliobisha hodi Bunkeya katika kipindi cha miezi kumi hivi, ikaigawa kwa mito miwili.

Orodha hiyo ina mapengo. Msafara wa Kapteni William Stairs, uliojaa wapagazi walioajiriwa Zanzibar, ndio uliommaliza Msiri tarehe 20 Desemba 1891: kapteni Omer Bodson alimpiga risasi, naye akapigwa palepale akafa. Stairs alikuwa mzaliwa wa Kanada, hakupata mtambo. Msiri ndiye aliyekuwa mwenyeji wa wote hao. Alitoka nchi ya Wasumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, akajenga dola la Garenganze kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa. Yeye hakupata hata bomba.

Francqui ni habari nyingine. Yeye aliishi, akawa konseli nchini China, akawa waziri, akawa gavana wa Société Générale, benki kubwa iliyokuwa mama wa Union Minière. Jina lake liliwekwa kwenye mtambo angali hai, na kwa amri ya watu waliokaa naye meza moja. Hapo heshima kwa historia na heshima kwa mkubwa wa kazi ni vigumu kuzitenganisha.

Mafundi wa saa za mkono wanaijua vizuri shughuli hii ya kuchagua jina la kuweka usoni. Leo fundi anayeunda saa moja moja kwa oda, kwa mtindo wa kuenzi saa fulani maarufu ya zamani, hununua kasha lenye umbo la saa ya mzamiaji, hutia ndani mashine ya Kijapani kama NH35 ya Seiko, huchagua mishale, halafu hufika kwenye uso wa saa na kusita. Akiandika jina la kampuni kubwa ya Uswisi, ametengeneza saa bandia. Akiandika lake, hakuna anayelijua. Wengine huacha uso mtupu. Wengine huweka jina la mji wao, au nembo ya kikosi walichotumikia.

Kusita huko hakukuanza leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 maduka ya Uingereza yalipenda jina la mwenye duka lionekane usoni, si la mtengenezaji. Hans Wilsdorf alilisajili jina la Rolex mwaka 1908, na hata hivyo alilazimika kulipenyeza kidogo kidogo, saa chache katika kila boksi, hadi wenye maduka wakazoea. Mambo yaligeuka kabisa miaka ya 1970: Sultan Qaboos wa Oman aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikachorwa jambia usoni, alama ya nchi yake, akawazawadia maofisa na watu waliomtumikia. Safari hii kampuni iliyopigania jina lake kwa miaka mingi ndiyo iliyompa mteja nafasi.

Kanuni ni moja, London, Muscat na kando ya Lufira: anayelipa ndiye anayechagua kinachoandikwa. Mashine ya ndani haiulizwi.

Mji ulioupokea umeme wa Koni nao ulikuwa na uso wa kuazima. Likasi uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi aliyejenga reli kutoka Beijing hadi Hankou kabla ya kuongoza Union Minière na Société Générale. Pale kwenye kiwanda cha Shituru shaba ilitolewa katika mawe kwa tindikali na kusafishwa kwa umeme, na umeme huo ndio sababu ya kuuziba Lufira. Watu walioifanya kazi walitoka mbali: Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili kikawa lugha ya kambi zao. Desemba 1941 waligoma wakidai mishahara bora, Jadotville kwanza, kisha Elisabethville. Askari wakafyatua risasi na watu wakafa. Miaka tisa baadaye mtambo wa pili wa Lufira ulipozinduliwa, jina liliendelea kutafutwa katika karne ya 19.

Mwaka 1960 Katanga ilipata nafasi ya kujichagulia uso, na ilifanya hivyo kwa namna inayofurahisha na kuhuzunisha kwa pamoja. Kiongozi wake, Moïse Tshombe, alitangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai. Nchi mpya ilihitaji bendera na sarafu, na waliopewa kazi ya kubuni walikwenda mbali nyuma kuliko Bia na Francqui. Walichukua msalaba wa shaba. Kwa karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza, wayeyushaji wa Katanga walikuwa wakichimba mawe ya kijani, wakiyachoma kwa makaa katika tanuri ndogo za udongo, kisha wakimimina shaba ya moto katika kalibu yenye umbo la X. Misalaba hiyo ilikwenda sokoni, ikalipia mahari, ikazikwa na wafu. Wanaakiolojia wameifukua katika makaburi ya bonde la Upemba. Mitatu ikapandishwa kwenye bendera ya Katanga, na mmoja ukapigwa kwenye sarafu ya faranga 5 ya mwaka 1961.

Uso ulikuwa wa mhunzi wa kale. Ndani yake mlikuwa na kodi za Union Minière, maofisa wa Kibelgiji na askari wa kukodiwa. Kama kuna kitu katika historia ya Katanga kinachofanana na saa ya kuenzi yenye mashine ya kigeni, ni sarafu ile.

Haikudumu. Septemba 1961 kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa kilizingirwa Jadotville, na wenzao waliokwenda kuwaokoa wakakwama kwenye daraja la Lufira. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliuvuka mto huohuo na kuingia mjini, na kujitenga kukaisha mwezi huo.

Kilichofuata ni kufuta na kuandika upya. Mwaka 1966 Jadotville ikawa Likasi na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha mali ya Union Minière, na kampuni iliyozaliwa humo hatimaye ikaitwa Gécamines. Kongo ikawa Zaire mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba, kisha ikarudia jina lake mwaka 1997. Mitambo ya umeme ikaingia mikononi mwa SNEL, shirika la umeme la taifa, na katika wimbi hilo Francqui, Bia, Delcommune na Le Marinel wakashushwa. Hakuna aliyepandishwa mahali pao, si Mobutu, si jenerali wake yeyote. Kwa mtawala aliyependa kuiona sura yake kwenye noti na kwenye vitenge, huo ni uungwana wa kushangaza. Mitambo ikaitwa kwa majina ya mahali ilipo: Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke.

Uamuzi huo umestahimili hata fedha mpya. Mashine sita za Mwadingusha zilipofanyiwa ukarabati mkubwa kwa ushirikiano wa SNEL na kampuni ya Kanada ya Ivanhoe, ili mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi upate umeme, mtambo ulirudi kazini mwaka 2021 ukiwa na uwezo wa megawati 78. Mlipaji alikuwa mgeni, kama mwaka 1930. Jina halikuguswa.

Na yule atakayepewa siku moja kazi ya kuchonga kibao kipya cha Koni asione haya kuuandika mwaka 1950, na hata jina la Bia, kwa herufi ndogo, maana ni sehemu ya kumbukumbu. Lakini aache nafasi ya mstari mmoja mkubwa zaidi kwa watu wa Kasai, wa Rwanda na Burundi, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Katanga yenyewe, ambao jasho lao ndilo lililoujenga uchumi wa shaba uliohitaji mtambo ule, na ambao hakuna mtambo hata mmoja uliowahi kuitwa kwa jina lao.